Watoto wangu huchora nyumba ambayo hawajawahi kuiona. Nitawafanyaje wachore kazi za nyumbani kwetu?

Mama wa Katuba ameuliza:

Habari zenu, wazazi wenzangu na walimu. Ninawaandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, kuhusu jambo ambalo limenisumbua tangu likizo kubwa ianze. Nina watoto wanne, wa kwanza ana miaka 12 na kitinda mimba ana miaka 5. Kila Jumamosi alasiri huwakusanya pamoja na watoto watatu wa jirani, tukakaa chini ya mwembe tukachora. Sikusomea sanaa, mimi ni muuza unga. Lakini napenda sana kuwaona watoto wakichora, kwa sababu mtoto anapochora huyatoa mambo ambayo ukimwuliza kwa mdomo hatakujibu.

Shida yangu ni hii. Nikiwaambia wachore nyumbani kwao, wote saba huchora nyumba ileile bila kuambiana: paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili yenye mapazia, na bomba la moshi juu ya paa. Katika mtaa wetu mzima hakuna nyumba yenye bomba la moshi. Sisi tunapika uani kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na paa letu ni la mabati yaliyoinama upande mmoja, tukayawekea mawe juu ili upepo usiyaezue. Bomba la moshi wanalolijua ni lile refu la kiwandani, kando ya kilima cheusi cha masalio ya shaba, ambalo huonekana kutoka mbali mjini. Nilipomwuliza mtoto wangu wa pili ile ni nyumba ya nani, alinijibu: «Ni nyumba ya kuchora, mama.»

Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo. Kumbe kichwani mwake kuna vitu vya kuchora na kuna vitu vya kuishi navyo, na hivi viwili havijakutana. Wakati huohuo, tangu asubuhi mpaka jioni mtoto huyo anachota maji kwa bidoni (dumu), anafagia lupango, yaani uwanja wa nyumba, anatwanga sombe (majani ya muhogo), anapepea makala, yaani makaa, mpaka yashike moto, anaanika nguo. Nilidhani kazi hizo zingempa mambo ya kuchora yasiyoisha. Basi Jumamosi iliyopita nikawaambia wachore mama anayefua. Nilipata watu wa vijiti wamesimama kando ya beseni, mikono imenyooshwa pande mbili kama watu wanaopigwa picha, na hata mmoja wao hakuigusa nguo.

Naomba msaada wenu kwa mambo mawili. Nitawaonyeshaje watoto kwamba kazi wanazozifanya kila siku zinafaa kuchorwa? Na tutachora kwa kitu gani, kwa kuwa penseli za rangi tulizokuwa nazo zimeisha na sitaweza kununua nyingine kabla ya mwezi wa 9, nikishalipa karo?

Mwalimu Mstaafu, Kamalondo:

Mama, nimefurahi kuyasoma maneno yako, hasa hiyo «nyumba ya kuchora», kwa maana nimeiona katika madaftari ya watoto kwa miaka yote niliyofundisha. Mtoto hakuibuni mwenyewe; aliipata kwa mwenzake, na mwenzake aliipata katika kitabu cha shule. Wala si dhambi. Ila mtoto akiisha kuijua, huacha kutazama, kwa sababu ana jibu tayari.

Nadhani ugumu uko katika neno ulilotumia. Ukimwambia mtoto achore mama anayefua, umempa jina la jambo, naye atachora jina hilo: mtu mmoja, beseni moja, basi. Safari ijayo usitaje mtu. Mwulize mikono inafanya nini, na usimwulize kabla hajaifanya kazi yenyewe. Chukueni shuka iliyosuuzwa, yeye ashike ncha moja na wewe ushike nyingine, kisha kila mmoja azungushe upande wake mpaka shuka igeuke kamba, ijikunje katikati, na maji yachuruzike mahali pamoja tu, pale kwenye kikunjo. Akifika hapo mikono yake inauma, mabega yamepanda, na vidole vimekuwa vyeupe kwenye viungo. Mkabidhi karatasi papo hapo, umwambie: nichoree hiyo kamba na hivyo vidole. Nimelifanya zoezi hili na madarasa mengi, na sijaona mtoto aliyeniletea mtu wa kijiti. Wengine walichora kamba peke yake ikijaza karatasi yote, na mtoto mmoja alitoboa karatasi kwa kukandamiza penseli, kwa kuwa alikuwa bado anakamua.

Jambo la pili ni kufagia. Ufagio wa nyasi huacha mistari kwenye udongo wetu mwekundu, mistari ya upinde iliyopangana kama manyoya ya bawa, na kila mtu ana mwandiko wake. Ukitazama uwanja uliofagiwa alfajiri, kabla kuku hawajapita, utaweza kujua ni mtoto gani aliyefagia. Wasimamishe juu ya kiti mmojammoja, wautazame kutoka juu, kisha wauchore uwanja huo bila nyumba na bila watu. Huo ni mchoro ambao tayari wameuchora kwa ufagio. Karatasi inakuja baadaye tu.

Niruhusu niwakumbushe jambo la mji wetu huu huu. Mwaka 1946, wakati mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji ambayo wengi waliijua kwa jina la Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili. Aliwataka wachore kutokana na waliyoyaona na kuyakumbuka wenyewe. Mmoja wao, Bela, alikuwa mfanyakazi nyumbani kwake kabla ya kuwa mchoraji, na alipaka rangi kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta, bila brashi. Mwenze Kibwanga alijenga picha zake kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, na mimi kila nikiitazama nauona ukili uliosukwa. Pilipili Mulongoy yeye alichora ndege, samaki na nyoka, kila gamba na kila unyoya mahali pake, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Sisemi kwamba watoto wako wawaige. Nasema kwamba kidole, kamba na msuko vilikuwa vya nyumbani kabla ya kuwa vya sanaa, na jambo hilo lilitokea katika mji tunaoishi.

Hata kwingine mambo ni hayohayo. Mjerumani Max Ernst, mwaka 1925, akiwa katika nyumba ya wageni kando ya bahari huko Ufaransa, alikaa akizitazama mbao za sakafu ambazo kusuguliwa kwa miaka mingi kulikuwa kumezifukua mishipa. Akaweka karatasi juu yake, akaisugua kwa penseli, na mishipa ile ikatokea kwenye karatasi kama misitu na wanyama. Watu waliozisugua mbao zile hakuna anayewajua, lakini bila mikono yao picha zile zisingepatikana. Nyumbani kwako kuna kitu kilichochakazwa na kazi: ubao wa kukatia mboga, ungo, mkeka, shavu la kinu. Weka karatasi nyembamba juu yake, usugue kwa makala.

Na hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Makala mnayo. Usichukue yale makubwa ya gogo, kwa sababu ni magumu na hukwaruza karatasi. Tafuta chini ya gunia vipande vyembamba vya vitawi, vyenye unene wa kidole cha mtoto, ambavyo vikivunjwa hulia kama kioo. Hivyo huandika vyeusi na laini. Kidole kilicholowa kidogo kitakupa kijivu, na kipande cha bukari (ugali) baridi kilichofinyangwa kitafuta pale unapotaka pawe peupe.

Mshonaji, Ruashi:

Dada yangu wa Katuba, mimi si mwalimu, na sina mengi ya kuongeza juu ya kuchora kwenyewe. Ninataka kusema juu ya udongo na juu ya gunia, kwa sababu wewe unauza unga na gunia unazo.

Kuna kijiji kinaitwa Makwacha, si mbali sana na Lubumbashi, ambako wanawake hupaka kuta za nyumba zao picha na mapambo kila mwaka, mvua zikiisha na kiangazi kikiingia. Nilikwenda kutazama na mama mkwe wangu. Sikuona mtu aliyesema kwamba anafanya sanaa. Mvua imeula ukuta, lazima ukandikwe upya, na kukandika ni kazi ya nyumbani kama kufua. Ukishakandika unabaki na mikono yenye udongo na ukuta laini mbele yako, basi mkono unaendelea. Rangi zao ni udongo waliouchimba wenyewe. Mvua ijayo itaiondoa kazi yote, nao watairudia. Mama mkwe wangu, ambaye alikandika nyumba yake kwa miaka mingi kabla ya kuhamia mjini, alisimama mbele ya ukuta mmoja bila kusema neno, kisha akaweka kiganja chake juu ya alama ya kiganja kilichokuwa hapo, kuona kama kinalingana.

Kwa hiyo fanyeni rangi ya udongo. Ponda udongo mwekundu mkavu, uuchekeche kwa kitambaa cha zamani mpaka ubaki ungaunga, kisha uuchanganye na gundi ya muhogo: vijiko viwili vya unga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, koroga usiwe na madonge, weka kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka uwe mzito na ung'ae. Gundi ndiyo inayoufanya udongo ushike. Bila gundi utapukutika ukikauka. Jivu jeupe la mbabula likichekechwa vizuri nalo hutoa rangi, lakini mkubwa ndiye alichekeche na kulichanganya, kwa sababu huchoma macho na ngozi.

Hapa nina onyo, na ninaomba ulichukue kwa uzito. Usichote udongo karibu na mahali panapochimbwa, panapooshwa au panapoyeyushwa madini, wala kando ya mifereji inayotoka huko, kwa sababu udongo wa sehemu hizo una metali zenye sumu na watoto hutia vidole mdomoni. Na wasisage lile jiwe la kijani, malakiti, hata kama rangi yake inawavutia vipi. Vumbi la shaba si la kuchezea. Chota mahali unapopajua, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Kuhusu gunia: Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu hapa mjini katika miaka ya 1970, alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Magunia ya siku hizi mengi ni ya plastiki na rangi ya udongo haishiki juu yake, lakini mifuko ya karatasi ya unga na ya sukari, ukiifungua mshono na kuigeuza ndani nje, inakupa karatasi ngumu, kubwa, ya rangi ya kahawia. Makala na chokaa ya ubaoni vinakaa vizuri sana juu yake. Ninayajua kwa sababu mifuko hiyohiyo ndiyo ninayokatia vielelezo vya nguo, na mwanangu huniibia.

Baba Mapacha, Kampemba:

Nimesoma majibu yote kwa heshima, na nitayajaribu. Lakini kuna jambo ambalo halijaguswa, nami naliona ndilo zito zaidi: kazi hizo anazifanya nani?

Nina mapacha, wa kiume na wa kike, wana miaka 9. Mwaka jana mwalimu wao aliwapa kazi ya kuchora familia jioni baada ya chakula. Kijana alimaliza upesi. Alikuwa amenichora mimi kwenye kiti, amejichora mwenyewe mkekani, mama yake mlangoni, na dada yake akiosha vyombo. Sisi watatu tulikuwa na nyuso, macho na meno. Dada yake alikuwa mgongo tu: gauni, nywele zilizosukwa kwa mistari minne ambayo alikuwa ameihesabu sawasawa, na nyayo mbili zilizogeuzwa kwetu kwa kuwa amechuchumaa. Nilimwuliza kwa nini hakumpa uso. Akanishangaa, akasema kwamba saa ile dada yake huwa hivyo. Alikuwa amesema kweli. Kila jioni sisi sote tumekaa, na yeye tunamwona kwa mgongo.

Na huyo binti hakuchora chochote siku ile. Alipomaliza vyombo taa ilikuwa imezimwa, na asubuhi yake aliadhibiwa shuleni kwa kutofanya kazi aliyopewa.

Mwalimu wetu wa Kamalondo anashauri mtoto apewe karatasi mikono ikiwa bado inakumbuka. Ni shauri zuri sana kwa mtoto ambaye baada ya shuka moja amemaliza. Kwa msichana ambaye bado ana beseni mbili zinamngoja, karatasi ile ni kazi nyingine juu ya kazi. Kwa hiyo, mama, kabla ya kugawa makala naomba ugawe ndoo. Wavulana wako na wale wa jirani wafue kwanza, wafagie, wasonge bukari mpaka mwiko uwe mzito mikononi mwao. Mtu ambaye hajawahi kukamua shuka hataweza kuichora. Ataweza kuuchora mgongo wa anayeikamua.

Mwalimu Mstaafu, Kamalondo:

Baba, umenirekebisha, na nakubali. Katika madarasa yangu nilikuja na shuka yangu na wote walikamua kwa zamu, wavulana na wasichana, kwa hiyo sikuliona jambo hilo. Nyumbani hali si hiyo. Nakuomba uutunze mchoro wa mwanao. Ni nadra mtu mzima kutazama kwa makini kiasi kile.

Mama wa Katuba:

Nimerudi, wapendwa, baada ya Jumamosi mbili, na ninawashukuru nyote kutoka moyoni. Maneno ya Baba Mapacha yalinilaza macho wazi, kwa maana nilipohesabu niligundua kwamba kifungua mimba wangu, ambaye ni msichana, hufanya kazi nyingi kuliko wadogo zake watatu wote kwa pamoja. Jumamosi ya kwanza hatukuchora kabisa. Tuligawa kazi upya, na kulikuwa na manung'uniko, hasa kwa yule wa miaka 10, ambaye alisonga bukari kwa mara ya kwanza maishani na ikatoka na madonge. Tuliila hivyohivyo.

Jumamosi ya pili tulifua blanketi. Kwa kuwa kiangazi cha mwaka huu kina baridi kali usiku, tulikuwa nayo mengi, na blanketi likilowa halikamuliki kwa mikono ya mtoto. Tuliyatia kwenye beseni kubwa na watoto wakayakanyaga kwa miguu, wawili wawili, wameshikana mabega ili wasiteleze. Maji yalikuwa mekundu kwa vumbi. Povu lilipanda mpaka magotini. Walipotoka niliwapa mifuko ya unga iliyopasuliwa na vipande vya makala, nikawauliza miguu ilikuwa inafanya nini, sikusema neno lingine.

Kitinda mimba alichora vidole vya miguu vingi sana, nilivihesabu 23, vyote katika duara moja, na alipoulizwa alisema vyake vilikuwa vimechanganyika na vya mwenzake ndani ya povu, hakujua vipi ni vyake. Mtoto wa jirani aliipaka karatasi makala nyeusi yote kisha akafuta povu kwa bukari baridi, jinsi Mwalimu alivyoeleza. Kifungua mimba wangu hakuchora miguu. Alichora kamba ya kuanikia jinsi inavyoning'inia katikati kwa uzito wa blanketi lililolowa, mpaka karibu kugusa chini, pamoja na ile fimbo tunayoiegemeza ili kuiinua. Na fimbo hiyo imepinda kidogo, kama ilivyo kweli. Nimeitazama fimbo hiyo kwa miaka sita bila kuona kwamba imepinda.

Yule wa «nyumba ya kuchora» amechora beseni likiwa kubwa kuliko nyumba. Nyumba iko nyuma, ndogo, na paa limeinama upande mmoja. Mawe nayo yapo juu yake, matano, idadi yenyewe. Bomba la moshi bado lipo, lakini safari hii liko mbali ukingoni mwa karatasi, peke yake.

Nina swali moja limebaki. Picha za rangi ya udongo tulizozibandika ukutani kwa gundi ya muhogo zimetafunwa na mende usiku, pembeni mwote. Je, kuna kitu cha kutia ndani ya gundi?

Mshonaji, Ruashi:

Dada, unga ni chakula, na mende haulizi umepikwa kwa ajili gani. Usizibandike. Funga kamba kutoka msumari mpaka msumari, mbali kidogo na ukuta, uzitundike kwa vibanio vya nguo. Na ile ya fimbo iliyopinda itundike katikati, kamba ining'inie.